Cheti cha Nyumba Kumi

1

Mtu wa kwanza kuja kuniua kwa sababu ya cheti aliitwa Magida. Alitoka Nzega kwa pikipiki ya kukodi, akashuka mbele ya karakana yangu hapa Urambo saa tatu asubuhi, panga mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umefungwa kwa khanga iliyolowa usaha. Hakusalimia. Panga la kwanza lilipita karibu na sikio langu nikiwa nimeinama juu ya jiliwa la kubania vyuma, likazama kwenye ubao wa meza, na kabla hajaling'oa nikamtandika tupa ya uso.

Akakaa chini, damu inamtoka puani.

"Umeniuzia kifo, mama," akasema. "Nami nilikuamini."

Nikaifungua ile khanga. Kidole bandia kilikuwa kimepachikwa pale kilipokatwa kidole chake cha shahada, na kuanzia hapo mpaka kiwiko nyama imekuwa nyeusi. Nikakigeuza kile kidole. Skrubu za bati, waya wa simu, gundi ya viatu.

"Hiki si changu."

"Duka ni lako. Jina lako, picha yako, mpaka hii meza iko pale kwenye picha. Na kufuli la cheti lipo kwenye simu."

"Kufuli la rangi gani?"

"La kijivu."

"Na langu la kijivu," nikamwambia.

Tulimpeleka zahanati kwenye mkokoteni, mimi na jirani yangu Shija anayetengeneza baiskeli. Mlango wa zahanati ukasoma mkono wa Magida, haukuona kitu, ukakaa kimya umefungwa. Shija akaupiga mateke mpaka muuguzi akatokea dirishani akasema hana mamlaka ya kuufungua, hata yeye mwenyewe unamfungulia kwa kidole. Magida alikufa siku ya pili, kwenye kitanda changu, akiita jina la mke wake.

Najua mtasema nilikuwa na njia nyingine. Basi niwaeleze nilivyokuwa nazo, zote.

Kila mtu mzima ana punje kidoleni. Ni ndogo kama chembe ya mchele, imezikwa kwenye mfupa, na inakula joto la damu yako. Ndani yake kuna ufunguo wa siri usiotoka nje hata siku moja, wewe mwenyewe huujui. Unabonyeza kidole kwenye kibao, punje inapiga hesabu huko huko ndani, inatoa saini, na dunia nzima inaweza kuhakikisha kuwa saini ni yako bila kuuona ufunguo. Ni kazi nzuri. Sina ugomvi na hesabu.

Zamani mtu akiharibu, jina lake lilitangazwa kwenye orodha ya waliofutwa, na simu ilitakiwa kuisoma orodha hiyo kabla ya kuingia dukani. Lakini mtandao wa huku mnaujua. Simu ikiikosa orodha inafungua tu, mteja asije akakasirika. Ukaja ule mwaka wa maduka hewa, watu wakanunua dawa ya malaria wakaletewa chokaa, tukazika kwa mafungu. Nakumbuka, kwa sababu mtaa huu peke yake tulichimba makaburi kumi na manne, na wakubwa walituma rambirambi moja. Halafu kazi ya mihuri yote wakaipa kampuni moja, Lakiri. Na Lakiri wakaona orodha ni usumbufu, wakaacha kabisa kuitangaza. Wakanunua makoleo ya kukatia vidole. Siku hizi ukifutwa, unafutwa kidoleni. Punje ikishatolewa mwilini inaishi dakika saba nane, kisha inapoa na kufa.

Mimi natengeneza vidole. Nilijifunza kwa kufungua mashine mbovu walizotupa Lakiri wenyewe nyuma ya ofisi yao. Vidole vyangu vina punje mpya ndani, vinachukua joto kwenye kigutu, na milango inavifungulia. Sheria haikukataza, waliotunga sheria hawakuwahi kuwaza kwamba mwanamke wa Urambo angeweza. Nilikuwa nimewauzia watu mia tatu na kumi na mmoja. Lakini duka langu lilikuwa na cheti cha jina, kile cha chini kabisa. Cheti cha jina kinathibitisha kwamba jina la duka ni la aliyelisajili, basi. Hakiulizi ni nani. Tapeli akasajili jina lililofanana na langu, akapewa kufuli la kijivu kama langu ndani ya dakika kumi, na Magida akanunua.

Na hakuwa peke yake. Wiki ile nilipokea ujumbe kutoka Kahama, Igunga na Mpanda. Mikono inaoza. Ilinibidi nichague cheti kingine, upesi, kabla watu hawajaisha.

2

Aliyekuja kunisaidia kuchagua alikuwa Bwana Kondo wa Lakiri.

Alikuja asubuhi, shati jeupe, koleo kiunoni kwenye ala ya ngozi kama simu ya mtu mkubwa. Mzaramo wa Kisarawe. Nasi Wanyamwezi na Wazaramo, kwa msiojua, ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani.

"Hodi kwa wapagazi," akaita mlangoni.

"Karibu, mcheza ngoma. Mashamba yamebaki mangapi Kisarawe, au mmeyauza yote?"

"Limebaki moja, dada Kalunde. Nimekuwekea wewe ulibebe kichwani."

Akacheka, nikacheka. Akavuta kigoda, akakaa, akaangalia vile vidole vilivyopangwa kwenye meza kama mtu anayeangalia vitumbua.

"Nimesikia yaliyokukuta," akasema. "Pole. Sasa mimi nimekuletea dawa. Cheti cha kampuni. Kufuli la kijani. Tunakuja, tunakagua karakana, tunaandika kwamba fundi ni Kalunde Msabila wa Urambo na si mwingine. Yule tapeli akijifanya wewe, simu ya mteja inampigia kelele. Kesho mchana unakuwa nacho."

"Nanyi mnataka nini?"

"Utaratibu tu. Orodha ya wanunuzi wako ikae kwetu. Kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

"Ah, Mnyamwezi bwana. Ukimpa kiti anauliza mti ulikatwa msitu gani."

"Kondo, aliyefutwa akirudishiwa kidole, nyie mnamfanya nini?"

"Anakatwa kiganja. Unajua sheria, mbona unaniuliza?"

"Nataka uitamke wewe."

"Nimeitamka."

"Na lile duka la tapeli mnalijua?"

"Hatulijui. Kufuli la kijivu hatulichunguzi. Sisi tunathibitisha mwenye jina ni mwenye jina. Kama ni mwizi, hiyo ni habari nyingine."

Nilimtazama mikono. Ni mazoea yangu tangu utoto. Baba yangu alipeleka tumbaku ghalani miaka kumi na tisa. Mpimaji alikuwa anavunja kona ya jani, ananusa, anagonga muhuri: daraja la nne. Jani lile lile likivuka ukuta wa ghala linakuwa daraja la kwanza. Nilikuwa pale, nimeshika kamba ya mzigo. Mpimaji yule alikuwa na kucha safi sana. Kondo naye.

"Kuna cheti cha tatu," nikasema.

Akaacha kutabasamu. "Kile hakuna anayekitumia."

"Kiko kwenye sheria."

Kipo. Cheti cha nyumba kumi. Kilitungwa na wazee waliokuwa bado wanakumbuka kwamba kabla ya kampuni yoyote, mtu akitaka kuaminika alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, akaandikiwa barua kwamba tunamfahamu, anaishi hapa, ni mwenzetu. Majirani kumi, mmoja kila nyumba, wanatia saini kwamba duka hili ni la huyu na kazi yake ni ya kweli. Hakuna ofisi, hakuna orodha ya wanunuzi. Daftari la mjumbe linahakikisha kwamba wote kumi ni wakazi, na kila asubuhi wote wanabonyeza tena. Mmoja akikosekana, cheti kinalala. Mteja anaona kufuli lenye nukta kumi, na tapeli hawezi kuziiga, atawatoa wapi watu kumi wa kuweka vidole vyao rehani. Maana ndiyo bei yake. Saini moja ikiwa ya uongo, waliotia saini wote wanafutwa.

"Utawauza majirani zako," Kondo akasema akisimama.

"Wewe ulitaka niuze wateja."

"Wateja huwajui hata sura." Akavuta ala ya koleo ikae sawa. "Fikiria, dada. Mimi nakuomba kama mtani. Watakaokuja baada yangu hawajui utani."

3

Arobaini ya Mwashi iliangukia Alhamisi. Mwashi alikuwa wa nyumba ya kumi, mwanamke mcheshi mwenye sukari. Walimkata kidole mwezi wa tatu kwa kosa la mtu mwingine, duka la dawa likaacha kumfungulia, na kidole nilichokuwa namtengenezea kilikuwa kimebakiza siku mbili kukamilika alipozimika. Nyumba yake ilikuwa wazi, imefagiliwa, haina mtu.

Majirani wote walikuwa uani kwake mchana ule, wanawake kwenye vinu, wanaume kwenye mkeka, ndiyo maana nikapeleka kibao cha saini hapo. Niliwaambia kila kitu. Sikuficha neno la koleo. Mama Mlekwa, mjumbe wetu, mwanamke wa miaka sabini na sauti kama filimbi, alikuwa wa kwanza kubonyeza.

"Nimeandika barua za utambulisho miaka thelathini," akasema. "Nimewaandikia walevi. Nitashindwa kumwandikia Kalunde?"

Shija akabonyeza, akajifuta kidole kwenye suruali. "Wakikikata hiki," akasema, "baiskeli za Urambo nzima zitatembea kwa magoti." Wakacheka. Wengine wakafuata mmoja mmoja, nami mwenyewe kwa nyumba yangu, mpaka zikatimia nyumba tisa.

Tukakwama. Nyumba ya kumi ndiyo hiyo tuliyokaa uani kwake, na mwenyewe tumemzika.

"Tuchukue ya kumi na moja," Shija akasema.

"Ya kumi na moja ina mjumbe wake," Mama Mlekwa akajibu. "Daftari litaiona ni saini ya uongo. Tusubiri mpwa wake Mwashi aje kutoka Kaliua, nitamwandika mkazi."

"Anakuja lini?"

"Jumapili."

Hapo ndipo tulipomsikia Kondo analia.

Aliingia uani amejifunga khanga kichwani, viatu mkononi, analia kwa sauti ya kike: "Mwashi wangu, umeondoka na sufuria langu." Nyuma yake watu wawili wa Lakiri, mmoja mrefu, mmoja wa miwani, wamesimama kama hawajui waweke wapi mikono. Na uani wote ukaangua kicheko. Kwa sababu mtani kwenye msiba ana haki yake. Mtani hafukuzwi. Anaweza kulala mahali palipolala maiti, akamwiga marehemu anavyokohoa, akanyang'anya mwiko na kukataa kuurudisha mpaka akombolewe, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Tumelelewa hivyo. Hatukumwona mtu wa Lakiri. Tulimwona Mzaramo kwenye msiba wa Mnyamwezi.

"Nyie wapagazi," akasema akijilaza kwenye mkeka, "mmebeba mizigo ya watu miaka mia, leo mnashindwa kumbeba mwenzenu hata siku arobaini? Mmeshaanza kula?"

"Ondoka hapo," Mama Mlekwa akamwambia, anacheka mpaka machozi. "Kwenu mnazika kwa ngoma, maiti mwenyewe anacheza."

Akanyakua mfuniko wa chungu. Akanyakua kilemba cha Mama Mlekwa. Kisha akanyakua kibao.

"Hiki nakichukua mpaka mnikomboe kwa kuku," akasema, na bado anacheka akabonyeza kidole chake.

Kibao kikalia mara moja. Nukta ya kumi ikawaka.

Watu walicheka zaidi. Na mimi nilicheka. Hilo nalibeba peke yangu: nilimwona anabonyeza, nilijua kibao ni kitu gani kuliko yeyote pale, na nilicheka, kwa sababu mtani hazuiwi.

Kondo akavua khanga kichwani, akaikunja vizuri, akaiweka mkekani.

"Cheti kimetiwa saini na mtu asiyekaa kwenye nyumba kumi," akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Saini ya uongo. Waliotangulia wote wamefutwa. Vidole tisa."

"Nawe umesaini," nikasema.

"Mimi ni afisa. Nitajisamehe." Akanigeukia. "Au nipe orodha, dada. Ukinipa, nafuta saini yangu, hakuna aliyeona kitu. Inafunguka kwa kidole chako na maneno unayoyajua wewe. Nitajie maneno."

4

Fikirini, nyie mnaopenda kupima. Tisa hapa, sura nazijua, majina ya watoto wao nayajua. Kule mia tatu na kumi na mmoja, sura sizijui, kila mmoja anasubiri kukatwa kiganja cha mkono. Nilikuwa na muda wa kuhesabu mpaka tano.

"Sikupi," nikasema.

Kondo akampa yule mrefu ishara. Mrefu akamshika Mama Mlekwa mkono kama anamsalimia, koleo likakisoma kidole, likawaka taa nyekundu, likafunga mdomo. Sauti yake ni ndogo. Ni kama kuvunja muwa. Mama Mlekwa hakupiga kelele, alishusha pumzi ndefu tu, akakaa, na kidole chake kikadondoka kwenye mchele uliokuwa unachaguliwa.

"Mmoja," Kondo akasema. "Maneno, Kalunde."

Shija akamrukia. Wa miwani akamchapa rungu la umeme mdomoni, nikaona meno yanaruka, Shija akaanguka chali anatetemeka mwili mzima. Wanawake wakainuka na michi. Mrefu akamkanyaga Shija kifuani, akauvuta mkono wake, akaingiza kidole kwenye koleo.

"Maneno."

Nilimtazama Shija, naye alinitazama, mdomo umejaa damu, akatikisa kichwa kwamba hapana. Nafikiri ilikuwa hapana. Mpaka leo sijathubutu kumwuliza.

Ndipo nikasikia sauti ya filimbi nyuma yangu.

"Kalunde. Daftari."

Mama Mlekwa alikuwa amekiokota kidole chake kutoka kwenye mchele. Alikishika kwa mkono wa kushoto kama mtu anayeshika kalamu. Daftari la mjumbe, ambalo siku hizi ni bamba la kioo, lilikuwa kwenye mkoba wake pale mkekani, nami nikapiga magoti nikalifungua, vidole vinateleza kwa damu. Nilielewa kabla hajamaliza kusema. Punje ilikuwa bado ya moto. Wamemfuta, lakini orodha ya waliofutwa waliacha wenyewe kuitangaza, na daftari halikujua kitu. Kwa dakika sita nyingine Mama Mlekwa alikuwa bado ni mjumbe wa nyumba kumi.

"Nyumba ya kumi," akasema. "Mwandike."

"Nani?"

"Huyo mtani."

Nikaandika: Kondo, mwanaume, ametokea Kisarawe, mkazi wa nyumba ya kumi kuanzia leo. Mama Mlekwa akakibonyeza kile kidole kwenye kioo. Kikaacha alama nyekundu, na daftari likakubali.

Mrefu alikuwa anabana koleo. Likakisoma kidole cha Shija, likasoma cheti, likahesabu wakazi kumi na saini kumi za kweli. Taa ikawa ya kijani. Mdomo ukajifungua.

Akabana tena. Ukajifungua tena.

"Bosi," akasema, "hili limegoma."

Sijui uso wa Kondo ulikuwaje, maana wakati huo nilikuwa nimeshauchukua mchi kwa mke wa Shija. Wa miwani aligeuka kunipiga rungu na mchi ukamkuta kwenye paji la uso. Aliinama taratibu kama anatafuta kitu alichodondosha. Nikampiga tena kisogoni akiwa ameshalala. Lile la pili halikuwa na lazima. Nalisema hapa ili msije kusema nililificha. Mrefu alimwachia Shija, akakimbilia gari lao, wanawake nyuma yake, mkono wake mmoja unaning'inia umevunjika, akaondoka na mlango wazi.

Kondo hakukimbia mara moja. Alikuwa anafikiri. Naye anaijua hesabu.

"Mimi si mkazi," akasema. "Nyumbani kwangu ni Dar. Asubuhi sitabonyeza hapa, cheti kinalala, inajulikana sikai hapa, na saini zenu zinakuwa za uongo. Mmejipatia saa kumi na nane tu."

"Unakaa hapa," nikamwambia.

"Kalunde, usiwe mjinga."

Akaanza kutembea kuelekea barabarani, si haraka, kama mtu anayeondoka sokoni. Wanaume wanne walimwangusha. Walimpiga, sikuwazuia, walimpiga mpaka shati lile jeupe likawa halina rangi. Kisha wakaniangalia mimi, kwa sababu cheti kilikuwa cha duka langu.

"Tumfunge kamba," mmoja akasema.

"Kamba inakatwa," nikajibu.

Nilikwenda karakana. Ni hatua sitini. Hatua sitini zinatosha mtu kubadili nia, nami sikubadili. Nikarudi na nyundo ya kilo mbili na kipande cha reli. Kondo alipoiona akaanza kunitajia watoto wake, wawili, wa kike, mmoja anasoma Pugu. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Nikamwambia wamshike mguu wa kulia, kifundo kikae juu ya reli.

Mama Mlekwa, mkono umefungwa kwa kilemba chake, akasema, "Mwanangu, ukishapiga utakuwa umepiga."

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba," akajibu, akageuza uso.

Nikapiga mara mbili. Halafu mguu wa kushoto.

5

Asubuhi nilimpelekea uji. Nyumba ya Mwashi ina chumba kimoja chenye dirisha la mashariki, na tulikuwa tumemlaza hapo, miguu imefungwa banzi nilizochonga mwenyewe. Nilizichonga vizuri. Sitaki afe.

Usiku wote Lakiri walikuwa wanatuma ujumbe kwenye kibao: vitisho, kisha heshima, kisha vitisho tena. Magari yao matatu yalikuwa yamesimama kwenye njia panda tangu alfajiri, hayasogei. Wanaweza kuingia. Lakini cheti ni halali, simu zote za nchi zinaliona kufuli lenye nukta kumi, na wakilivunja kufuli halali mchana kweupe, lao la kijani litabaki kuwa rangi tu. Wanajua. Wanasubiri mkazi mmoja asibonyeze.

Wanane walikuwa wameshabonyeza, nami wa tisa. Mama Mlekwa alibonyeza kwa kidole nilichompachika alfajiri, kile nilichokuwa nikimtengenezea Mwashi. Nilikichonga kikamkaa, na daftari likaandika ufunguo mpya wa mjumbe huku Shija ameshika taa, mdomo umevimba, hawezi kuongea. Tangu kufuli libadilike, maagizo yalikuwa yanaingia. Igunga. Mpanda. Mtu wa Kibondo alitaka vya familia nzima. Duka la tapeli lilikuwa bado lipo na kufuli lake la kijivu, na hakuna aliyelifungua.

Nikamwekea Kondo bakuli kifuani.

"Umeamkaje?"

"Kama mtu aliyevunjwa miguu."

"Kunywa, halafu ubonyeze."

"Sibonyezi."

Nilikaa pembeni ya kitanda. Alikuwa amefumba ngumi ya mkono wa kulia, ameibana kwapani. Homa ilikuwa imempanda, midomo imepasuka, lakini macho yalikuwa ya mtu anayejua kwamba kwa mara ya kwanza tangu jana yeye ndiye mwenye koleo. Nje majirani walikuwa wamesimama uani, wanasubiri.

Niliuvuta ule mkono. Akauma. Aliniuma hapa, juu ya kifundo cha mkono, alama mtaiona mkitaka, nami nikambana shingo kwa goti mpaka akafungua mdomo kutafuta hewa. Nikaikunjua ngumi yake kidole kimoja kimoja. Kidole gumba kilivunjika, sikukusudia. Kile cha shahada nilikitunza kama yai. Nikakiweka kwenye kibao, nikakikandamiza.

Nukta ya kumi ikawaka. Uani mtu akaanza kulia, sikujua ni nani.

Kondo alilala anahema, uji umemwagika kifuani. Nikachukua kitambaa nikamfuta. Alikuwa na ndevu zimeanza kuota, na nywele za mvi mbili tatu ambazo jana sikuziona.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Cheti cha nyumba kumi kinadumu mwaka mmoja."

Akafikiri. Nilimwona anahesabu asubuhi zake.

"Halafu?"

"Halafu kinahuishwa," nikamwambia, nikaenda kumletea uji mwingine.